Siku Saba za Jicho la Futikamba

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la vitenge pale Kasulu mjini, barabara ya kwenda Kibondo inapoanza kutimua vumbi. Mwenye birika la kahawa ni Gharibu, na ndiye mwenye subira pia, maana wateja wake wananunua kikombe kimoja na kukikalia kama wamekodi nyumba. Mwezi huo wa sita, mwaka 2013, mkaa ulikuwa na unyevu, kwa hiyo jiko aliliwasha kwa miti ya maharage: ile miti mirefu ambayo watu wa milimani huisimika shambani ili maharage yapande, kisha maharage yakishavunwa huing'oa na mashina yake yakiwa bado yameizunguka. Gharibu alikuwa na mafungu mawili, moja lililong'olewa jana na moja la wiki mbili nyuma. Lile la jana mashina yalikuwa yamenyauka tu, yalitoka kwa mkono. Lile la zamani lilikuwa balaa, kila akivuta shina mti unavunjika.

Siku hizo aliyewahi kukaa na kuchelewa kuondoka alikuwa Nurudini, fundi cherehani. Kijiweni aliitwa Futikamba, na jina hilo alilipata kwa sababu hiyo futikamba hakuwahi kuishika. Ulikuwa ukiingia mlangoni kwake anakutazama mara moja, anaandika kifua, kiuno na mabega, na shati linakukaa mpaka mkeo anauliza unakwenda wapi. Huyo alikuwa Futikamba wa zamani. Sukari ilimzima jicho la kushoto mwaka uliopita, na sasa lile la kulia lilikuwa limeanza kuingia utando mwekundu. Jumatatu alikuwa Mwanza hospitalini. Wakamchoma sindano ndani ya jicho, wakamwambia arudi Jumatatu inayofuata wampasue. Akapanda basi kurudi Kasulu kuaga, kwa sababu kwao mtu haendi kulala chini ya kisu bila kumuaga mkubwa wake, ana kwa ana, wamekaa mkeka mmoja. Mkubwa wake alikuwa kaka yake Ndayiragije, aliyebaki kijijini Munanila na jina la ukoo na kahawa ya baba yao. Ndayiragije alituma salamu kwamba yuko kwenye kuchuma, atafika Jumatano. Na leo ilikuwa Jumamosi. Basi la kumfikisha Mwanza kwa wakati lilikuwa la kesho alfajiri.

— Hebu tulipange shauri vizuri, akasema Khatibu. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu, kijiwe kikampandisha cheo wakamwita Wakili. — Walikuchoma Jumatatu.

— Jumatatu, saa tano asubuhi, akasema Nurudini.

— Kwenye jicho.

— Kwenye jicho lenyewe, Wakili. Si kwenye kope, si pembeni.

Gharibu akaacha kubandua miti.

— Na uliiona ikija?

— Niliiona.

Wakaweka vikombe chini kwa heshima ya sindano.

— Sasa mimi ndipo ninapopotea, akasema Wakili. — Kama wana dawa, kisu cha nini? Kama wana kisu, dawa ya nini? Na kama vyote viwili vinatakiwa, si wangemaliza siku hiyo hiyo mtu akarudi kwake?

Nurudini alipapasa kikombe chake. Swali hilo alikuwa analala nalo tangu Jumatatu. Yeye, mtu wa kumwuliza mteja maswali thelathini juu ya kola moja, alikaa mbele ya daktari akauliza moja tu: itauma? Akaambiwa kidogo. Hakuuliza tena, na sasa alijichukia kwa hilo.

— Nesi alinieleza kidogo, akasema. — Anasema sukari imeotesha mishipa mipya huko nyuma ya jicho. Myembamba, haina kazi yoyote. Inapasuka, inavuja damu ndani, ndio ule wekundu. Sindano inainyausha, ili wakiingia kuitoa isiwavujie wakashindwa kuona wanachofanya.

— Hapo sawa, akasema Gharibu. — Na siku saba?

— Alisema nisichelewe.

— Usichelewe kwa nini?

— Ndio sikuuliza.

Mikono ya Nurudini haikuzoea kukaa bure. Dukani siku hizi mkewe Zaitun ndiye aliyetunga uzi na kushona, yeye akafukuzwa kwa upole. Akavuta yale mafungu ya miti karibu na miguu yake, akaanza kumsaidia Gharibu kubandua mashina kwa kupapasa.

— Mimi naona ni kama kahawa, akasema Gharibu, akimimina. — Kahawa ikishachemka humimini papo hapo. Ukimimina unakunywa machicha. Unaiacha itulie. Wamekutia dawa, sasa wanaacha jicho litulie machicha yakae chini.

— Kwa muda gani?

— Kahawa yangu, dakika tano. Jicho sijui, kaka. Sijawahi kulichemsha.

— Gharibu anapika, hafikiri, akasema Wakili. — Sikilizeni sheria. Ile sindano ni notisi. Ugonjwa ni mpangaji sugu, amejenga humo bila kibali. Unampa notisi ya siku saba ahame kwa hiari. Asipohama ndipo anaingia dalali wa mahakama na kisu. Si ndivyo? Haya. Futikamba, toka wakuchome unaonaje?

— Kuna nafuu, Nurudini akakiri. — Utando umepungua. Jana nilimwona nzi kwenye kashata.

— Alikuwa nzi kweli au punje ya karanga? akauliza Gharibu.

— Aliruka.

— Basi mpangaji anahama, akasema Wakili, akapiga goti lake. — Mtu anafunga virago mwenyewe, wewe unataka kwenda kumvunjia mlango. Tena notisi huongezwa muda, mimi nimeziandika hizo miaka ishirini. Kaa umngoje kaka yako.

— Si wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo? akauliza Gharibu.

— Matumbo, mzee. Soma maandishi. Macho hayakutajwa.

Nurudini akacheka na wenzake. Maneno ya Wakili yalimwingia kama chai ya tangawizi, na alijua kwa nini. Alikuwa anaogopa. Kile kisu alikuwa anakiogopa kuliko alivyowahi kumwambia hata Zaitun, na kila aliyesema subiri alimpenda siku hiyo.

Pikipiki ikalia, ikazima. Alikuwa Niyitegeka, bwana mmoja wa Rungwe Mpya anayezunguka vijijini kuchanja mifugo, kisanduku cha dawa kimefungwa nyuma kwa mpira. Kijiweni jina lake ni Dokta Mbuzi, na hana kinyongo nalo.

— Mwakeye, wazee. Bado mko kwenye jicho?

— Bado tuko kwenye sindano, akasema Gharibu. — Kwenye jicho hatujafika.

— Mngeniita mapema, sha. Sindano ndio fani yangu. Dokta Mbuzi akakaa, akapokea kikombe. — Ukimchoma mbuzi dawa, kuna siku za kungoja kabla kisu hakijamgusa. Dawa nyingine wiki mbili, nyingine hata siku ishirini na nane. Ukichinja kabla, unakula dawa. Kwa hiyo hao wa Mwanza wana haraka. Siku saba ni kidogo sana. Hata kwa kuku ni kidogo.

— Nani anataka kumla Futikamba?

— Hujanielewa, Gharibu. Kula kumekujaje? Nasema dawa na kisu havikai nyumba moja. Unamwacha mnyama mpaka dawa itoke.

— Lakini wao wanataka wampasue dawa ikiwa bado imo, akasema Wakili. — Nesi kasema inyaushe, waingie.

— Basi hiyo dawa ni ya ajabu.

— Au mbuzi ni wa ajabu, akasema Gharibu.

Hapo ndipo Salumu aliposafisha koo. Salumu aliitwa Idhaa kwa sababu ya redio yake, ambayo aeriali yake ilikuwa waya wa uzio, na kwa sababu hakuwahi kusema jambo bila kuanza na nilisikia.

— Nilisikia kipindi cha afya, akasema. — Hata madaktari wakubwa wa huko nje wanabishana juu ya hilo hilo. Kuna wanaochoma siku moja kabla ya kupasua. Kuna wa siku tatu. Kuna wa wiki. Kila mmoja ana hesabu zake, na hawajaelewana.

— Wanabishana?

— Kama sisi hapa, ila wao wana makoti meupe.

Nurudini akageuza uso upande wa sauti. Mkono wake ulisimama juu ya mti.

— Na yuko aliyesema mwezi, Idhaa? Au siku kumi na tano?

Salumu akafikiri kwa uaminifu wake wote.

— Betri zilikwisha, akasema.

— Acha fiksi zako, akasema Wakili.

— Wallahi zilikwisha. Ila nina mawazo yangu. Angalieni hapo Kongo. Waasi wamejaa msituni, ndio hiyo mishipa. Dawa ni jeshi la kulinda amani. Sasa jeshi la kulinda amani, wiki ya kwanza linafanya nini? Linasimamisha mahema. Wiki ya pili linapokea wageni. Ukimwingiza mpasuaji kabla mahema hayajasimama, anakuta kila mtu na koleo mkononi. Halafu kuna mwezi. Damu hupanda mwezi ukijaa, hata wavuvi wa Kigoma wanajua. Nani anajua Jumatatu mwezi utakuwa vipi?

Wakatazama juu wote, saa nne ya asubuhi, kama mwezi ungekuwepo uwajibu. Hata Nurudini alitazama, na aliona mwanga tu, mweupe upande mmoja, mwekundu upande mwingine.

— Si mpige simu hospitalini? akasema Dokta Mbuzi.

— Tumepiga tangu asubuhi, akasema Gharibu. — Namba iko kwenye kadi yake. Inaita mpaka inachoka. Leo Jumamosi.

— Na Munanila?

— Kaka amesema Jumatano, akasema Nurudini. — Nikamwomba niage kwa simu. Akaniambia, kuaga kwa simu ni kama kuoga kwa mate. Akakata.

Hawakucheka. Walimjua Ndayiragije. Baba yao alipofariki, Ndayiragije aliacha shule darasa la tano ili mdogo wake asome, na cherehani ya kwanza ya Nurudini ilitoka kwenye gunia la kahawa la Ndayiragije. Hata siku Nurudini aliposilimu na kubadili jina, alikwenda kwanza Munanila akakaa mkekani, akaaga dini ya nyumbani kama mtu anayesafiri. Kaka alinuna wiki nzima kisha akamtolea jogoo, akamwambia amchinje mwenyewe kwa kisomo chake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumruka.

— Na wakishanipasua, akasema, — inasemekana nitalala kifudifudi siku kadhaa, usiku na mchana.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Wakili, na akaridhika.

— Basi tumekubaliana? akauliza Dokta Mbuzi. — Aende Alhamisi, baada ya kaka. Dawa itakuwa imetulia.

— Mahema yatakuwa yamesimama, akasema Salumu.

— Notisi itakuwa imeiva, akasema Wakili.

Gharibu akapuliza jiko. Nurudini akashusha pumzi. Alijua kwamba ameponea, na papo hapo akaona haya kwamba ameshangilia.

Mama mmoja akasimama mbele ya ubao, kitenge cha rangi ya machungwa, mkoba begani. Wengine walimfahamu kwa sura: Nadège, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, anayeuza sabuni na mafuta ya mawese sokoni.

— Bonjour, ba papa. Nafuata robe yangu. Mama Zaitun anasema mezani haiko, eti papa fundi ndiye mwenye kujua fasi aliiweka.

— Gauni lako liko kwenye kabati, mama, rafu ya juu, limefungwa gazeti, akasema Nurudini. — Upindo Zaitun alikwisha kuumaliza. Ni la ubatizo, sivyo?

— Ya kesho. Kibali changu cha kutoka kambini ni cha leo tu, saa kumi niwe nimerudi. Kesho kinakuwa karatasi ya kufungia karanga. Akamwangalia vizuri, akaona plasta iliyobaki kwenye nyusi. — Na jicho, papa?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Mishipa, damu, sindano ya Jumatatu, kisu cha Jumatatu nyingine, kaka wa Munanila, Jumatano. Salumu akaongeza mahema. Nadège alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo.

— Nimesikia, akasema. — Ninyi munangoja kaka mukubwa. Ni vizuri, mukubwa anangojwa. Lakini ile mishipa yenye iko mu jicho, na yenyewe inangoja kaka?

Alikuwa anauliza tu. Hakukejeli. Alisimama pale akimtazama mmoja mmoja, kwa kuwa alidhani kati ya wanaume wanne wenye maneno yote yale na mwenye jicho mwenyewe, lazima mmoja anajua.

Wakili akaanza kutafuta methali kwa vidole. Salumu akapunguza sauti ya redio ambayo haikuwa imewashwa.

Nurudini alikuwa na mti mkononi. Ulikuwa wa fungu la jana. Vidole vyake vilipata ncha ya shina, vikalivuta, likateleza lote kama uzi unaofumuliwa kwenye pindo, mti ukabaki mtupu na mzima. Akauweka chini. Akapapasa akachukua mwingine, ukawa wa fungu la zamani. Shina lilikuwa kavu kama waya, limejikaza mpaka limeacha alama kwenye gome, na mti wenyewe ulikuwa umepinda kulifuata. Akatafuta ncha, akavuta polepole. Halikutoka. Akavuta tena. Mti ukavunjika katikati.

Akakaa na vile vipande viwili magotini.

— Gharibu. Hili fungu la pili ulisema lina muda gani?

— Wiki mbili na kitu.

— Na lote lilikuwa maharage yale yale.

— Yale yale. Shamba moja.

— Kwa kila fungu, mashina yalikatwa maji siku yalipong'olewa, akasema Nurudini, kama anayejisemea. — Mwanzo yanalegea. Hapo ukiyavuta yanakuja. Ukiyaacha yanakauka, na yakikauka yanakaza, yanavuta na mti.

— Futikamba, jicho si shamba, akasema Wakili, lakini taratibu.

— Sisemi najua, Wakili. Mimi si daktari. Pengine ni hivyo, pengine ni machicha ya Gharibu, pengine ni mahema. Ila nesi alisema nisichelewe, na yeye ndiye anayeyaona hayo macho kila siku. Akaweka vile vipande jikoni, kimoja kimoja. — Kama ningekuwa na mawili, moja ningewaachia mjaribie. Sina jingine la kujaribia.

Ubao ukalia alipoinuka. Nadège akamshika kiwiko bila kuombwa.

— Nawaageni hapa hapa, akasema Nurudini. — Kesho basi linaondoka giza, hamtakuwa mmeamka.

— Unatuaga sisi kabla ya kaka yako? akauliza Dokta Mbuzi. Hilo hata yeye, mtu wa mbuzi, aliliona zito.

— Ninyi mko hapa. Pikipiki yako ina mafuta?

— Yapo nusu.

— Munanila unafika na kurudi?

— Nafika. Kurudi tutajua huko huko.

— Basi nenda leo peke yako, nakuomba; nikipanda nawe tukakwama, basi la kesho litaniacha. Usimpigie simu. Kaa naye mkekani, unywe atakachokupa, ndipo umwambie. Mwambie mdogo wako ameondoka.

— Na akiuliza kwa nini hukumngoja? Maana atauliza. Atanuna, Futikamba. Unamjua akinuna.

Gharibu alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha Nurudini, cha safari, na kilichotoka kilikuwa matone mawili na machicha. Akalitikisa, halikuwa na kitu. Wakili alikuwa bado anatafuta methali, akikunja na kukunjua vidole.

— Namjua, akasema Nurudini. — Anakunja uso wote, mpaka kipaji kinashuka kwenye pua. Mwambie anune tu. Ndicho ninachokwenda kukitafuta Mwanza, nirudi nimwone alivyonuna.